Kufuli na Ufunguo: Kwa Nini Dawa za Kuvu ni Chache

SOMO LA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Somo la mara hii ni refu kidogo. Lisomeni kwa sauti, mmoja asome na wengine wasikilize, na mkifika kwenye maswali msimame mzungumze. Mkiona ni refu mno ligawanyeni kwa mikutano miwili. Kama kuna muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji karibu nanyi, mwalikeni aketi pamoja nanyi. Mimi si daktari, nilisomea kazi ya jamii. Lakini mambo haya nimejifunza, na mengine nimefundishwa kwa uchungu, kama mtakavyosikia.

Lengo la somo: tujue kuvu (wengi wetu tunasema fangasi) inafanyaje kazi, dawa zake zinaipigaje, kwa nini dawa hizo ni chache, na sisi vijijini tunawezaje kuzilinda zisiharibike.

1. VISA VIWILI

Kisa cha kwanza. Mama mmoja, mweka hazina wa kikundi, alikuwa na mtoto wa miaka saba mwenye mapunye kichwani. Alinunua kitubu kidogo cha kupaka dukani. Baada ya siku tatu kuwasha kukapungua, akafurahi. Baada ya wiki tatu mapunye yakaenea mpaka shingoni, na ndugu zake wawili wakayapata. Alipofika zahanati, muuguzi alisoma kile kitubu akatikisa kichwa. Ndani yake mlikuwa na dawa ya kuvu kidogo, na pia dawa kali ya kutuliza ngozi, ile ya jamii ya steroidi. Hiyo ya pili inazima kuwasha, lakini pia inalaza ulinzi wa ngozi. Basi kuvu ikapata nafasi ya kutembea bila mlinzi. Mtoto alipewa vidonge vya griseofulvini vya wiki nane. Wiki ya tatu nywele zikaanza kuota, mama akaacha vidonge ili aweke akiba. Mapunye yakarudi.

Kisa cha pili kinanihusu mimi mwenyewe. Mwaka 2016, katibu wa kikundi kimoja cha kufuga kuku, kijana mwenye bidii sana, aliumwa kichwa siku nyingi. Alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI na alikuwa ameacha dawa zake kwa muda. Alinunua dawa za malaria mara mbili. Siku moja nilipita kwao, nikamkuta ameketi kivulini anashika kichwa. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ni mawazo tu na jua, pumzika." Nikaenda zangu. Siku nane baadaye alipelekwa hospitali kwa pikipiki, akiwa hamtambui hata mke wake. Walimpima wakakuta ni kuvu ndani ya utando wa ubongo. Alipona, namshukuru Mungu, lakini macho yake hayakurudi vizuri. Mpaka leo binti yake ndiye humsomea kumbukumbu za mkutano.

Sikujua kwamba kuvu inaweza kuingia kichwani namna hiyo. Nilifikiri kuvu ni jambo la ngozi na vidole vya miguu. Ndiyo maana naandika somo hili.

Jadilini: Je, katika kikundi chenu kuna aliyewahi kutibu mapunye au fangasi? Alitumia nini? Iliisha kabisa au ilirudi?

2. KUVU NI NINI?

Kuvu si mmea, wala si mdudu, wala si bakteria. Ni kiumbe cha namna yake peke yake. Uyoga tunaochuma wakati wa mvua ni kuvu. Hamira ya mandazi ni kuvu. Ukungu wa kijani kwenye mkate uliolala ni kuvu. Kutu ya majani ya kahawa na ya ngano pia ni kuvu.

Kuvu nyingi ni rafiki. Huozesha majani na magogo, zikatupa mbolea. Dawa ya penisilini ambayo Alexander Fleming aliigundua huko London mwaka 1928 ilitoka kwenye ukungu. Lakini chache ni adui. Tuzitaje zile za karibu:

- Kuvu za ngozi, nywele na kucha: mapunye, choa, na ule ugonjwa wa kuchubuka katikati ya vidole vya miguu.
- Kandida: utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga au mgonjwa, na muwasho wa sehemu za siri kwa akina mama.
- Kriptokoka: hukaa katika udongo, katika miti, na hasa penye kinyesi cha njiwa. Tunaivuta kwa pumzi. Mwenye mwili wenye nguvu haimsumbui. Mwenye kinga iliyoshuka, kama yule katibu wetu, humpanda kichwani.
- Aspergilasi: ukungu wa kwenye mboji na majani makavu, unaoweza kushika mapafu ya mtu aliyekwisha dhoofika, kwa mfano aliyewahi kuugua kifua kikuu.

Hapa niweke onyo moja. Mnakumbuka mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyooza. Ile ilikuwa ni sumu iliyotengenezwa na ukungu, yaani aflatoksini. Hakuna dawa ya kuvu inayoondoa sumu ile, wala kwa kumeza wala kwa kunyunyizia mahindi. Kinga yake ni kukausha vizuri na kuhifadhi pakavu. Tusichanganye mambo hayo mawili.

3. KIMENG'ENYA: MFANYAKAZI MDOGO ASIYECHOKA

Tafuna ugali polepole, usiumeze. Baada ya dakika moja au mbili utasikia utamu. Sukari imetoka wapi? Katika mate yako kuna kitu kinachokata wanga kuwa sukari. Kitu hicho kinaitwa kimeng'enya. Watoto wa sekondari watawaambia ni enzaimu. Ni kitu kile kile.

Mama anayeotesha wimbi kupata kimea anatumia vimeng'enya vya mbegu ile. Anayefunga nyama ngumu kwa majani ya mpapai usiku kucha anatumia vimeng'enya vya mpapai. Hatuvioni kwa macho, lakini kazi yao tunaionja.

Kila kilicho hai kina maelfu ya vimeng'enya, na kila kimoja kina kazi yake. Ni kama kufuli: kina tundu lenye umbo maalum, na kitu kinachoingia hapo ni kile tu chenye umbo linalolingana. Kikishaingia, kinakatwa au kinaunganishwa na kingine, kisha kinatoka, na kingine kinaingia.

Kuvu haina mdomo wala tumbo. Inatema vimeng'enya vyake nje, vinasaga chakula, halafu inafyonza. Ndivyo gogo linavyooza. Ndivyo pia kuvu ya mapunye inavyokula nywele na ngozi ya juu: ina vimeng'enya vya kusaga kile kitu kigumu kinachotengeneza nywele na kucha zetu.

Sasa tumefika kwenye kiini. Ukitaka kuisimamisha kuvu, njia mojawapo nzuri ni kutafuta kimeng'enya ambacho haiwezi kuishi bila hicho, halafu utengeneze ufunguo wa bandia unaoingia kwenye kufuli ile na kukwama. Kufuli ikishaziba, kazi inasimama. Dawa nyingi za kuvu ndivyo zinavyofanya kazi.

4. KWA NINI NI VIGUMU? FIKIRINI PALIZI YA WIMBI

Mtu aliyepalilia wimbi ananielewa haraka. Katika shamba la mahindi gugu unaliona kutoka mbali. Lakini katika wimbi kuna lile gugu linalofanana na wimbi lenyewe, ni ndugu yake. Majani ni yale yale, rangi ni ile ile. Mgeni akiingia na jembe atang'oa chakula aache gugu. Mama mzoefu anainama, anaangalia shina, anachagua.

Bakteria ni kama gugu katika mahindi. Wako mbali sana na sisi, kwa hiyo dawa nyingi zinaweza kuwapiga bila kutugusa. Lakini kuvu ni kama lile gugu la wimbi. Wataalamu wamegundua kwamba katika ukoo wa viumbe, kuvu iko karibu na wanyama, na sisi watu, kuliko ilivyo karibu na mimea. Ndani ya chembe zake mambo mengi yanafanana na yetu. Dawa inayoua kuvu ovyo ovyo inaweza kumuumiza mgonjwa mwenyewe.

Kwa hiyo kazi ya mtafiti ni kama ya yule mama: ainame, atafute tofauti kwenye shina. Ni kimeng'enya gani kuvu inacho na sisi hatuna? Au kama sote tunacho, umbo lake limetofautiana wapi?

Jadilini: Kwa nini dawa ya bakteria, kwa mfano kapsuli za rangi mbili tunazonunua dukani, haiponyi fangasi? Je, kuna watu wanaozitumia hivyo hapa kwetu?

5. KUFULI ZILIZOKWISHA KUJULIKANA

(a) Mafuta ya ngozi ya chembe. Kila chembe ya kuvu imezungukwa na utando laini wenye mafuta maalum yanayoitwa egosteroli. Sisi hatuna hayo, tuna kolesteroli. Hiyo ni tofauti kubwa, na dawa nyingi zimepita hapo.

Egosteroli hutengenezwa hatua kwa hatua. Fikirini siku ya harambee, akina mama wamejipanga mstari wakipitisha matofali mkono kwa mkono mpaka kwa fundi. Kila mama ni kimeng'enya kimoja. Ukimshika mama mmoja mikono, fundi anakosa matofali, na tena matofali yanarundikana miguuni pa jirani yake mpaka njia inaziba. Dawa ya terbinafini inamshika mmoja wa wale wa mwanzo. Flukonazoli, klotrimazoli na ndugu zao wanamshika mwingine mbele kidogo. Utando unakosa mafuta yake, na yale yaliyorundikana nusu nusu yanauharibu zaidi.

Lakini angalieni. Kimeng'enya kile kinachoshikwa na flukonazoli kina ndugu zake katika ini letu. Ndiyo sababu flukonazoli inaweza kugongana na dawa nyingine unazomeza, na mama mjamzito asiimeze bila kuulizia. Gugu na wimbi, mnaona?

(b) Mafuta yenyewe. Nistatini, ile dawa ya matone ya mdomoni mwa watoto, na amfoterisini B ya kudungwa mshipani, hazishiki kimeng'enya. Zinashika egosteroli yenyewe na kuuharibu utando. Nistatini iligunduliwa na akina mama wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, mwaka 1950, kutoka kwa kiumbe kidogo kilichokuwa katika udongo wa shamba. Jina lake limetoka kwa jimbo lao, New York State. Amfoterisini ina nguvu sana, lakini ile ya zamani huumiza figo.

(c) Ukuta. Nje ya utando, kuvu ina ukuta mgumu. Sisi hatuna ukuta kabisa. Kuna kimeng'enya kinachosuka nyuzi za ukuta huo. Dawa ya kaspofunjini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2001, inakizuia. Kwa kuwa sisi hatuna ukuta huo, dawa hii ni pole kwa mgonjwa. Shida ni kwamba ni ya kudungwa tu, ni ya hospitali, na haiwezi kriptokoka.

(d) Mtego. Hii mimi inanifurahisha sana. Flusitosini ilitengenezwa mwaka 1957 ikitafutwa dawa ya saratani, ikashindwa kazi hiyo. Baadaye ikaonekana inaua kuvu. Yenyewe peke yake haina ukali. Lakini kuvu ina kimeng'enya kimoja ambacho chembe zetu hazina, na kimeng'enya hicho kinaibadilisha flusitosini kuwa sumu. Kuvu inajipikia sumu kwa mikono yake! Lakini bado inahitaji daktari aangalie damu, kwa sababu bakteria wa tumboni nao wanaweza kuibadilisha kidogo. Pia haitolewi peke yake, kwa sababu kuvu huizoea haraka.

Griseofulvini ya mapunye iko nje ya orodha hii. Haishiki kimeng'enya, inavuruga kuvu inapotaka kugawanyika na kuongezeka. Haiui haraka, inazuia tu. Ndiyo maana inatakiwa wiki nyingi, mpaka nywele safi iote na ile yenye ugonjwa itoke yote. Mama wa kisa cha kwanza hakukosa akili, ila hakuna aliyemweleza hilo. Tena, vidonge hivi huingia mwilini vizuri zaidi vikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa.

6. KUFULI MPYA ZINAZOTAFUTWA

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa, kwa mara ya kwanza, orodha ya kuvu 19 zinazotakiwa kutafitiwa haraka. Katika zile nne za juu kabisa mna kriptokoka, aspergilasi, na kandida za aina mbili. Mwaka 2025 shirika hilo likatoa hesabu ya dawa. Katika miaka kumi ni dawa mpya nne tu za kuvu zilizoruhusiwa Marekani, Ulaya au China, na tisa zilikuwa katika majaribio kwa wagonjwa. Tisa kwa dunia nzima! Utafiti ni ghali, na wagonjwa wengi wa kuvu hizi ni watu maskini ambao hawawezi kulipa bei kubwa.

Niwape mifano miwili ya zile zilizokuwa bado katika majaribio mwaka 2025.

Olorofimu inazuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza matofali ya urithi wa chembe. Bila matofali hayo kuvu haiwezi kukua. Sisi pia tunacho kimeng'enya hicho, lakini umbo lake limetofautiana kidogo, na dawa inashika kile cha kuvu kwa nguvu zaidi sana. Inalenga aspergilasi na jamaa zake. Kandida na kriptokoka haiziwezi.

Fosmanogepiksi inazuia kimeng'enya kinachofunga protini za kuvu kwenye ukuta wake, kama fundi anayepigilia misumari. Ndugu ya kimeng'enya hicho katika mwili wa mtu haguswi.

Zote mbili ni kazi ya yule mama wa palizi: kuangalia shina kwa makini.

Jadilini: Kama dawa mpya zinachukua miaka mingi na fedha nyingi kupatikana, tunatakiwa kuzitunza vipi hizi tulizo nazo?

7. KUVU NAYO INABADILISHA KUFULI

Mwizi akijua ufunguo wako, unabadilisha kufuli. Kuvu inafanya hivyo hivyo. Katika mamilioni ya chembe, chache zinazaliwa na kimeng'enya chenye umbo tofauti kidogo. Ufunguo hauingii. Nyingine zinatengeneza kimeng'enya kingi mno mpaka dawa haitoshi. Nyingine zina kama pampu ya kutapika dawa nje. Ukimeza dawa nusu nusu, zile dhaifu zinakufa, hizi ngumu zinabaki na kuzaa. Huo ndio usugu.

Kuna kandida moja iliyotajwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 huko Japani, ilitolewa katika sikio la mgonjwa. Leo imeenea katika hospitali za nchi nyingi, na hapa Kenya pia imeonekana. Mara nyingi flukonazoli haiiwezi.

Lakini kuna jambo linalotuhusu zaidi sisi wakulima. Dawa nyingi tunazopulizia kahawa, ngano, nyanya na maua ni za ukoo ule ule wa flukonazoli. Zinapiga kimeng'enya kile kile. Angalieni kibandiko cha chupa: majina mengi yanaishia na "conazole". Aspergilasi inakaa kwenye udongo na mboji za shamba hilo hilo. Inanyunyiziwa kila msimu, inazoea. Siku ikimwingia mtu mapafuni, tayari inaijua dawa ya hospitali kabla mgonjwa hajameza hata kidonge kimoja. Si hadithi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 uliikuta aspergilasi sugu ya namna hiyo katika udongo wa Kilimanjaro, Tanzania, hapo tu ng'ambo ya mpaka.

Hata olorofimu, kabla haijafika kwa wagonjwa, kumekwisha tengenezwa dawa ya shambani inayopiga kimeng'enya kile kile. Wataalamu wana wasiwasi kwamba ufunguo utajulikana kabla mlango haujafunguliwa.

Sisemi tuache kupulizia, la. Mkulima wa kahawa akiacha kutu ile atavuna nini? Nasema tupulizie kwa kipimo, wakati unaotakiwa, na tubadilishe ukoo wa dawa kama afisa wa kilimo anavyoelekeza, tusipulizie kwa mazoea tu.

8. YULE KATIBU ANGETIBIWAJE LEO?

Siku hizi kuna kipimo cha kriptokoka cha tone la damu, jibu linatoka kwa dakika kama kumi. Mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga imeshuka sana anatakiwa apimwe hata kama kichwa hakimuumi. Ikikutwa mapema, inazuiwa kabla haijafika kwenye ubongo.

Na ikishafika, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake baada ya utafiti uliofanywa hapa Afrika, katika nchi za Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Mgonjwa anadungwa dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofunikwa na mafuta, ambayo ni pole kwa figo, halafu anameza flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, kisha anaendelea na flukonazoli kwa miezi. Angalieni: dozi ile inabomoa utando, flukonazoli inamshika mama mmoja kwenye mstari, flusitosini ni mtego. Kuvu inapigwa pande tatu, haipati nafasi ya kubadilisha kufuli zote kwa mara moja. Zamani mgonjwa alidungwa kila siku kwa wiki nzima au mbili.

Hata hivyo makisio ya mwaka 2020 yalikuwa kwamba watu wapatao 112,000 duniani walikufa kwa ugonjwa huu katika mwaka mmoja, na wengi wao ni Afrika. Dawa inaweza kuwepo na mtu akafa, kwa sababu alichelewa, au kwa sababu jirani alimwambia, "Ni mawazo tu."

9. TUFANYE NINI?

Nyumbani:
- Mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake. Dawa ya kupaka haifiki kwenye shina la nywele. Mpelekeni mtoto apewe vidonge, na amalize siku zote hata nywele zikiota.
- Waangalieni watoto wote wa nyumba siku moja. Kitana, wembe, kofia na mto visishirikiwe. Ulizeni kinyozi anaosha mashine yake kwa nini.
- Kabla hamjanunua kitubu cha kupaka, mwambieni muuzaji awasomee kilichomo. Kama kuna steroidi pamoja na dawa ya kuvu, msikitumie bila muuguzi kuwaambia.
- Msipake maji ya betri, mafuta ya taa, wala dawa ya shambani juu ya ngozi. Nimeona vidonda ambavyo vilikuwa vibaya kuliko ugonjwa wenyewe.
- Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima, au muwasho unaorudi kila mara, si wa kununulia dawa tu. Nendeni mkapimwe sukari na virusi vya UKIMWI.
- Kichwa kinachouma siku nyingi kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka, kikiwa na homa, kutapika, shingo kukaza, macho kufifia au kuchanganyikiwa: ni hospitali siku hiyo hiyo. Mwambieni daktari waziwazi kuhusu virusi, na muulize, "Je, mmempima kriptokoka?"

Shambani:
- Someni kibandiko. Vaeni glavu na kitambaa puani. Chupa tupu isiwekwe maji ya kunywa.
- Afisa wa kilimo aje kikundini awaonyeshe dawa zenu ni za ukoo gani, na mwandike kwenye daftari msimu upi mlitumia ipi.

Kikundini:
- Wiki nane za vidonge na nauli ya kliniki si mzigo mdogo. Vikundi vingine vimetenga shilingi kidogo kutoka kila mzunguko wa chama kwa ajili ya kumalizia dawa. Mweka hazina wa kisa cha kwanza ndiye aliyeleta wazo hilo kikundini mwake, baada ya mapunye kurudi. Watoto wake watatu walimaliza dawa mara ya pili, na vichwa vyao sasa ni safi.
- Chagueni watu wawili wa kuwatembelea wanaougua muda mrefu. Wasiende kutoa maoni. Waende na orodha ya dalili nilizotaja hapo juu, na namba ya mwenye pikipiki.

10. MASWALI YA KUFUNGA MKUTANO

1. Kimeng'enya ni nini? Kila mmoja atoe mfano mmoja kutoka jikoni au shambani kwake.
2. Kwa nini dawa ya kuvu inafananishwa na palizi ya wimbi?
3. Elezeni kwa maneno yenu kwa nini mtu akiacha dawa katikati anaweza kumdhuru hata jirani yake.
4. Je, ni dawa gani za kupulizia tunazotumia hapa? Nani atazileta chupa zake mkutano ujao?
5. Nani kati yetu, au karibu nasi, anaumwa kichwa kwa muda mrefu sasa? Nani atakwenda kumwona, na lini?

Hilo swali la tano msiliache mpaka mkutano ujao. Andikeni jina na siku kabla hamjafunga. Mimi niliacha kwa siku nane tu.